Watalii wa Maalim Lali

Nyinyi mnaofanya kazi uwanja wa ndege wa Manda siku hizi mmenitaka niseme machache juu ya uwanja ulivyokuwa zamani. Mali ya kuwaachia sina, maneno ninayo. Namshukuru Mola aliyenibakishia kumbukumbu, maana wenzangu wengi wametangulia nazo kaburini. Nitasema kama yanavyonijia, na palipo na uzito mtanivumilia, kwa sababu mengi ya siku zile hayachekeshi.

Nianze na mizani. Ndege zetu za miaka ya sitini zilikuwa ndogo, watu wachache na mizigo yao, na rubani alitaka ajue uzito wa kila kinachopanda. Mizani tuliyopewa ilikuwa ya kupimia mbata, nazi kavu, ile yenye jukwaa la mbao na jiwe la kusogeza. Wanaume walipanda bila maneno. Mwanamke wa Amu, ndio mji wetu wa Lamu, akiona mkono wangu unakwenda kwenye jiwe husimama papo hapo. "Omari, wataka kunipima mbele za watu kama gunia?" Nikajifunza kuugeuza uso wa mizani upande wa vichaka, kumpima mtu na mkoba wake pamoja, na kumwonyesha rubani hesabu kwa vidole. Uzito wa mtu ni siri yake. Nyinyi mna mizani ya umeme inayoandika namba nyekundu kila mtu akaiona. Igeuzeni.

Rubani wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi tangu anapokanyaga ardhi mpaka anaporuka. Mengi alinifundisha yeye. Mzigo mzito hukaa karibu na mabawa, si mkiani. Usimpe mkono abiria anayeshuka kabla panga la injini halijasimama, hata akiwa mjomba wako. Na mfuko wa kuonyesha upepo uangaliwe kila asubuhi, maana upepo wa kusi hauna huruma na kitambaa. Siku moja mfuko ulichanika na fundi cherehani alikuwa mgonjwa, basi mwenzangu wa kazi akavua kikoi chake akakitundika mlingotini. Ndege ilitua salama. Kikoi kilikwenda na upepo mpaka mikokoni, na mwenzangu alirudi mjini amejifunga gunia, akisalimia watu kwa heshima zote kana kwamba ndivyo alivyotoka nyumbani.

Paa nao walikuwa na kawaida ya kulala katikati ya uwanja. Bwana Mluzi hupita chini mara moja kuwatisha, nasi hukimbia na matawi, kisha hurudi kutua. Wageni ndani walidhani wanaonyeshwa wanyama, wakipiga picha na kufurahi. Hatukuwaambia kwamba wanyama walikuwa wanafukuzwa.

Tabu kubwa ilikuwa maji ya bahari, maana Manda ni kisiwa na mji uko ng'ambo. Ratiba ya ndege ilipangwa ofisini Mombasa, na aliyeipanga hakuuliza maji yanajaa saa ngapi. Ndege ikitua wakati maji yametoka, chombo hakifiki gatini, na mgeni aliyevaa viatu vya ngozi huteremka topeni mpaka magotini. Niliwabeba wengine mgongoni. Mama mmoja wa Kizungu alinishika masikio yote mawili kama usukani. Nilimwambia Bwana Mluzi, naye akaandika, na ofisi ikajibu kwamba ratiba haiwezi kufuata mwezi. Nililiona jibu lile kuwa la ajabu. Sisi kila jambo letu hufuata mwezi, kuanzia saumu mpaka bahari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kazi yangu ilikuwa inaamuliwa na watu wasiojua Manda iko wapi. Sikilizeni vizuri, maana hili litawafaa. Mnaiona ndege angani mnadhani iko huru kama kunguru. Haiko huru. Kila njia ya angani ina kibali, na kila kibali kina mwenyewe. Kama alivyonieleza Bwana Mluzi tukiwa tumekaa kivulini mwa bawa, wakubwa wa safari za anga walikuwa na siasa yao. Ndege kubwa zinazotoka Ulaya zishuke Nairobi. Mgeni mwenye likizo fupi akishuka Nairobi huonyeshwa simba na ndovu kwanza, na siku zake huishia huko. Anayebakiwa na siku mbili tatu hufika Mombasa akaogelea akarudi. Kutufikia sisi kulihitaji ndege ndogo. Barabara ya bara siku zile za mashifta wenye bunduki haikuwa ya kumpitishia mgeni, hata sisi wenyewe tuliipita kwa dua na askari.

Basi ndege ndogo ndiyo iliyokuwa mlango wetu. Na hapo palikuwa na jambo la pili. Wakubwa walitaka kampuni moja kubwa ikue, ibebe bendera, isisumbuliwe na vijikampuni. Nia haikuwa mbaya. Nchi ilikuwa changa, nayo ilitaka kitu chake chenye nguvu. Lakini ndege za kampuni ile kubwa hazikuweza kutua kwenye uwanja wetu wa nyasi na mawe. Ikiwa njia ya Lamu ingetiwa mkononi mwao, ingekuwa na mwenyewe asiyeweza kuipita, na anayeweza kuipita angekuwa hana ruhusa. Bwana Mluzi aliacha mluzi aliponieleza hayo.

Mjini, Bi Zuhura hakujua habari hizo. Yeye alikuwa mjane, nyumba yake kubwa ya ghorofa iko nyuma ya soko, na alikuwa wa kwanza kwetu kupokea wageni wa ndege. Aliuza vikuku vyake vya dhahabu akajenga choo cha kukaa, akanunua vyandarua vipya, akamfundisha mpishi wake kukaanga mayai bila pilipili. Wageni walimpenda. Alikuwa mkali, na akiwakuta wamepanda juu ya paa nusu uchi aliwarushia leso kutoka chini. Kwa ajili ya nyumba ile, wapagazi, manahodha wa vyombo vya kuvusha na wauza samaki walipata riziki. Ndege zikikoma, Bi Zuhura alikuwa anakwisha, na wote waliomtegemea.

Sasa nifike kwa Maalim Lali.

Maalim Lali alikuwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na wa baba zenu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Kila alasiri alikaa kwenye baraza ya nyumba yake, karibu na msikiti, na kitabu mapajani. Alikuwa akiwasimamia wanafunzi wageni waliokuja Amu kutafuta elimu ya dini, na nyumba za mji zilishika zamu ya kuwalisha. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa na Alhamisi. Sinia yake ilisifika, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wanafunzi walioipenda zaidi walijua Alhamisi kuliko siku nyingine zote.

Na hapa lazima niwaeleze neno moja, la sivyo hamtafahamu. Mkisema mtalii leo, mnakusudia mgeni mwenye kamera. Miaka ile maana hiyo ilikuwa imeanza kusikika Nairobi, lakini kwetu haijafika. Sisi uwanjani tulisema wageni, basi. Lakini neno lenyewe tulikuwa nalo toka zamani, la chuoni. Kutalii ni kulidurusu somo, kukaa na kitabu ukakipitia tena na tena mpaka kikaingia. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa darasa la kesho, huyo anatalii. Maalim Lali alikuwa akipita baina yetu na bakora yake akiuliza, "Umetalii?" na asiyetalii alijua yake.

Serikali ikamtuma mkaguzi. Alikuja kutazama kama njia ya Lamu ina haja ya kuachwa kama ilivyo. Alikuwa Mkenya wa bara, mtu wa kanisa, kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye adabu na kofia ya nyasi. Nilimpokea Manda, maji yalikuwa yamejaa, alhamdulillahi, nikamvusha mpaka mjini. Bi Zuhura alikuwa amepika tangu asubuhi. Wageni wake wa siku hizo, mtu na mkewe waliokuwa wakichora milango ya mji, walikuwa wamekubali kuzungumza naye. Kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki kupita ndia, yaani njia, mbili tu za mji.

Yeye akatangulia, mimi nikamfuata na mkoba wake. Kwenye uchochoro akaja punda mwenye shehena ya mawe ya kujengea, akaingia baina yetu, akagoma. Nyinyi mnawajua punda wetu. Ukuta huku, ukuta huku, punda katikati, na mwenye punda anamtukana kwa matusi ambayo sitayasema. Mkaguzi alikuwa ameshapita. Alimwona mzee mwenye heshima kwenye baraza, akaona vyema amsalimie na kumwuliza, ili asikie pia maneno ambayo hayakutayarishwa. Nami niko nyuma ya punda, nasikia kila neno.

"Hujambo, mzee."

"Sijambo, mwanangu. Karibu, keti."

"Asante. Mzee, mimi nimetoka Nairobi. Niambie ukweli, hapa Lamu mna watalii?"

Nilimsikia Maalim anafunga kitabu. Kwa miaka mingi hapana mtu wa serikali aliyewahi kumwuliza habari za wanafunzi wake.

"Watalii? Alhamdulillahi. Wako tele. Mwaka huu wamezidi."

"Kweli? Wanatoka wapi hasa?"

"Kula mahala," alijibu kwa Kiamu chake, yaani kila mahali. "Ngazija, Barawa, Unguja, Siu. Na Faza. Faza hutoa watalii wazuri sana, wana subira."

"Wanatoka Faza?" Mkaguzi alishangaa, maana Faza ni hapa jirani tu. "Na wanakaa siku ngapi?"

"Siku? Mtu hatalii kwa siku, mwanangu. Aliye mwepesi, miaka mitano. Mzito hukaa mpaka akaoa."

Niliita, "Maalim! Maalim, siyo hao!" Mwenye punda naye alikuwa anaita, punda analia. Maalim akanyanyua mkono kunijibu, "Wa aleikumu salaam, Omari," kisha akamrudia mgeni wake.

"Wanalala hoteli gani?" aliuliza Mkaguzi.

"Msikitini."

"Wanalipa?"

Maalim akacheka. "Walipe nini, maskini ya Mungu? Twawalisha sisi. Kula nyumba ina zamu yake."

"Na wanakuja kwa ndege?"

"Ndege? La. Huya na jahazi. Wangine na miguu yao."

"Wakifika hapa wanafanya nini?"

"Huinamia zuo mpaka mato yakawauma," alisema Maalim, akimaanisha vitabu na macho, kwa fahari niliyokuwa sijaisikia kwake kamwe. "Nti hini ya Amu haina mali, lakini kwa watalii haishindwi."

Nilipita chini ya tumbo la punda. Nilifika na vumbi kichwani, nikaeleza kwa haraka, kwamba mzee anasema wanafunzi wa chuo, kwamba kwetu kutalii ni kusoma, kwamba wageni wa ndege ni wengine na wako kwa Bi Zuhura wanangoja. Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu, akasema, "Nimeelewa." Akamshukuru Maalim, tukaenda. Alikunywa chai, akala mahamri, akazungumza na wale wachoraji, akamsifu Bi Zuhura kwa usafi wa nyumba. Jioni akarudi Manda, akapanda. Neno lake lile, nimeelewa, nililizungusha akilini muda mrefu. Nilikuwa sijui ameelewa lipi.

Haukupita muda Bwana Mluzi akaja na habari. Alishuka bila kupiga mluzi. Alisema kibali cha kampuni yake cha kuuza viti kuja Lamu kimeondolewa. Atakayetaka kuja itambidi aikodi ndege nzima, na wenye uwezo huo ni wachache. Tulikuwa tumesimama gatini, mimi na manahodha na wapagazi. Mmoja akamwuliza sababu. Bwana Mluzi alikuwa mtu mwema, na nafikiri alitaka kupunguza uchungu kwa kicheko. Alisema, "Sababu sijui. Najua tu huko Nairobi ofisini wanacheka, wanasema Lamu watalii hulala msikitini bure na kulishwa na wenyeji."

Hakucheka mtu. Wale watu wakatazamana, na mimi nikajua mambo yamekwisha haribika. Jua lilipokuwa linatua, mji mzima ulikuwa na jambo moja mdomoni. Maalim Lali ameifunga ndia ya ndege.

Sikuwahi kuona mji unavyoweza kumwacha mtu akiwa bado yumo ndani yake. Hapana aliyemtukana. Salamu zake zilijibiwa. Lakini wapagazi vijana walipopita kwenye baraza yake walisemezana kwa sauti, "Kaa kando, mpishe mtalii," na mwingine, "Mwulize kama chakula chake cha bure kimewiva." Nahodha mmoja aliyekuwa amejifunza juzuu zote kwake alimwambia usoni, "Maalim, zuo zimetuponza." Na nyumba zilizokuwa zikipata riziki ya wageni zikaanza kuacha zamu ya kuwalisha wanafunzi, moja baada ya moja. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Zuhura.

Maalim aliniita. Nilimkuta ndani, si barazani.

"Omari, nambia. Ni ulimi wangu uliofunga ndia ya watu?"

"Si wewe, Maalim."

"Wajuaje?"

"Sijui," nikasema.

"Basi usiseme usilolijua. Nimekufunza hivyo?" Akauzungusha uzi wa tasbihi. "Haki ya Mola husamehewa na Mola. Haki ya mtu husamehewa na mtu. Kama ni mimi, watu hawa wanidai radhi, na sitaki kufa nayo. Niulizie. Wewe wajua watu wa ndege."

Nilimwahidi. Nilimwuliza Bwana Mluzi, akasema hajui. Niliandika barua kwa ofisi ya Mombasa, haikujibiwa. Na Maalim hakungoja jawabu langu. Aliona ni salama zaidi kwake aombe radhi ya kosa ambalo huenda si lake kuliko kuacha kuomba. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, yeye mwalimu wa wenye nyumba, anabisha, anasema, "Nimekuya kuwataka radhi." Wengi waliona haya, wakamwambia, "Tumesamehe, Maalim," wakiangalia chini. Nami nilikuwa nyuma yake siku alipofika kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura hakufungua. Alizungumza kutoka ndani. Vyumba vyake vya juu vilikuwa vitupu, mpishi amekwenda zake Malindi.

"Bi Zuhura, nimekuya kukutaka radhi."

"Nimekusikia, Maalim."

"Wanisamehe?"

Kisha akasema, "Sina cha kuwalisha watalii wako, Maalim. Rudi kwa salama."

Hakusema amesamehe, hakusema hakusamehe. Maalim alisimama akauangalia ule mlango, kisha akasema, "Allah akupe kheri," tukaondoka. Baada ya hapo hakukaa tena barazani. Darasa aliendelea nalo, lakini sauti ilimpungua. Chakula cha nyumbani kwake alikipeleka kwa wanafunzi, naye akasema amefunga. Kila siku akawa amefunga. Akaugua kifua, akalala, na kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza kwa macho, nami nilitikisa kichwa. Akafariki na swali lake. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mazishi yake yalijaa watu, na waliolia zaidi ni wale waliomwambia maneno.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekosa kazi ya uwanja, nashusha magunia gatini Mokowe, ng'ambo ya bara. Uwanja wa Manda uliota nyasi mpaka kiunoni. Paa walilala katikati bila wa kuwafukuza.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho nilipomwona Mkaguzi tena. Alikuja kwa gari la serikali, bara, kwa shughuli nyingine ya shule. Amenenepa kidogo, kofia ni ile ile. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Wewe ndiye uliyepita chini ya punda," alisema, akanishika mkono kwa furaha. "Na yule mzee wa watalii yuko? Nimewapa watoto wangu hadithi yake. Nataka kumsalimia."

Nikamwambia Maalim ametangulia mbele ya haki. Akavua kofia. Nami nikamwuliza pale pale, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Maalim kuliuliza swali lile na sikutaka kulibeba tena. Je, maneno ya Maalim ndiyo yaliyofunga njia yetu?

Alinitazama kama mtu asiyefahamu. "Maneno yapi? Nilijua pale pale alipotaja Faza. Alikuwa na kitabu mapajani, mimi si kipofu. Nilicheka nao ofisini, ni kweli, kwa kuwa ilikuwa tamu. Lakini niliandika ndege iendelee. Niliandika vizuri kuhusu ile nyumba ya yule mama." Akageuza kofia mikononi. "Ilikuwa imeshaamuliwa. Njia zote za pwani zilikuwa zimeshatiwa mkono mmoja kabla mimi sijapanda kuja kwenu. Nilitumwa ili ionekane mtu alitumwa. Na hilo nililijua baadaye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uamuzi ulikaa Nairobi, na kichekesho ndicho kilichosafiri mpaka kwetu. Mtu yule alipojua yaliyompata Maalim alikaa juu ya gunia la korosho, wala hakuvuka. Alisema hana uso wa kuingia mji ule. Sikumlaumu. Hata leo simlaumu, na katika dua zangu humtaja.

Ndege zilirudi baadaye, siasa zikageuka, vibali vikafunguliwa, nami nikarudi Manda na nikastaafia hapo, alhamdulillahi. Nyinyi mmekuta uwanja una lami. Msifikiri lami ndiyo iletayo wageni. Nimeona uwanja mzima na mji mzuri vikikaa vitupu kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye ramani ya mtu mwingine. Basi mkikatwa njia siku moja, na mtakatwa, ulizeni juu kabla hamjatafuta wa kumlaumu kwenye baraza ya jirani.

Siku ile niliyokutana na Mkaguzi nilivuka kutoka Mokowe nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura. Alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua mchele kwenye ungo, mchele mdogo wa mtu mmoja. Nilimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe, moja moja, hata pale ambapo mimi sikuona mawe.

"Alikuya hapa," alisema.

"Nilikuwa naye, Bi Zuhura."

"Basi wayajua niliyomjibu."

"Nayajua."

Akachambua tena. Kisha akauliza, "Yeo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Akainuka kwa tabu, akashika ukuta, akaingia ndani akarudi na mchele zaidi, ule aliokuwa ameuweka akiba. Alikuna nazi mwenyewe. Nilitumwa sokoni kutafuta samaki. Alipomaliza alifunika sinia kwa kawa, akanitwika kichwani, akaniambia la kusema.

Mlangoni pa msikiti nilikutana na mwanafunzi wa Kingazija, mgeni, aliyekuwa hajapata kuona sinia kutoka nyumba ile. Kitabu kilikuwa wazi mkononi mwake.

"Hini ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia kama nilivyoagizwa. "Bi Zuhura asema ni ya watalii."

Akatia kidole kwenye ukurasa asiupoteze, akafunga kitabu, akawaita wenzake.